Bei ya Dakika ya Tisini

Katika uwanja wa Kikula mjini Likasi, Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyumbani kwa klabu ya US Panda B52, mashabiki wana simu zao na makocha wana saa zao, lakini saa yenye mamlaka ni moja tu, nayo imefungwa kwenye mkono wa refa. Ikifika dakika ya 80 na timu moja iko mbele kwa goli moja, mchezo hubadilika sura. Kipa aliyekuwa akipiga goli kiki chapuchapu sasa anauhamisha mpira kutoka upande huu wa boksi dogo hadi ule. Beki aliyeguswa begani anaanguka ameshika goti. Mchezaji anayetolewa anakumbuka ghafla kuwapa mkono wenzake wote kumi. Jukwaani watu wanazomea, wanasema huu ni wizi. Ni wizi kweli, ila wizi wenye hesabu, na hesabu yenyewe imo ndani ya sheria za mpira. Mbinu za dakika za mwisho hazizaliwi kwanza na tabia mbaya ya wachezaji. Zinazaliwa na bei ambayo sheria imeliwekea kila kosa, na bei hiyo hupanda au kushuka kadiri saa inavyosonga. Anayetaka dakika hizo zichezwe mpira, asianze na mahubiri. Aanze na bei.

Tuanze na saa yenyewe. Sheria ya 7 inasema mechi ni vipindi viwili vya dakika 45, na katika kila kipindi refa anafidia muda uliopotea kwa mabadiliko ya wachezaji, majeruhi, kadi, kushangilia magoli, mapumziko ya kunywa maji, ukaguzi wa VAR pale ilipo, na kupoteza muda kwa makusudi. Kibao anachoinua mwamuzi wa akiba si ahadi ya mwisho: refa anaweza kuongeza juu ya dakika zilizotangazwa, lakini hawezi kuzipunguza. Kisha kuna kipengele ambacho mashabiki wengi hukisahau. Penalti ikishatolewa, kipindi hakiishi mpaka ipigwe, hata kama muda umekwisha. Na ikipigwa baada ya muda kwisha, hakuna kumalizia: kipa akiipangua ikarudi kwa mpigaji, mechi imeisha hapohapo, hata kama lango liko wazi. Faulo ya nje ya boksi haina ulinzi huo. Refa anaweza kupuliza filimbi ya mwisho wakati ukuta bado unapangwa. Kwa maneno mengine, penalti ndiyo adhabu pekee iliyo juu ya saa, na kosa lililotendwa hatua moja nje ya mstari linaweza kumezwa na saa. Beki mzoefu anaujua mstari huo wa chokaa vizuri kuliko mkataba wake.

Mfano ambao Mwafrika hahitaji kukumbushwa ni wa tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg. Ghana na Uruguay walikuwa 1-1 kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Kichwa cha Dominic Adiyiah kilikuwa kinaingia, Luis Suárez akakizuia kwa mikono akiwa amesimama mstarini. Kadi nyekundu, penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay wakashinda mikwaju 4-2. Watu walimwita Suárez mwizi, lakini tuipige hesabu yake kwa utulivu. Asingeushika mpira, goli lilikuwa la uhakika na Uruguay ilikuwa nje. Alipoushika, Ghana ilibaki na penalti, na penalti huingia takriban mara tatu katika kila nne. Robo ya nafasi ilinunuliwa kutoka hewani. Malipo yake yalikuwa nini? Kadi nyekundu ya dakika ya 10 ina gharama ya dakika 80 za kucheza pungufu. Kadi hiyohiyo dakika ya 120 haina gharama ya dakika hata moja. Alichokosa ni nusu fainali tu, ambayo bila mkono wake isingekuwepo kwa Uruguay. Sheria ilikuwa ileile asubuhi na jioni. Kilichoporomoka ni bei.

Watunga sheria wanaijua hesabu hii, na wamewahi kuirekebisha. Tangu mwaka 2016, mchezaji anayezuia nafasi ya wazi ya goli ndani ya boksi akiwa kweli anaugombea mpira hupewa kadi ya njano pamoja na penalti, si nyekundu tena, kwa sababu penalti yenyewe inairudisha nafasi iliyopotea. Akishika mpira makusudi, akivuta jezi au akisukuma bila kuugombea mpira, nyekundu inabaki. Nje ya boksi, kuzuia nafasi ya wazi bado ni nyekundu na faulo. Sasa mtazame beki wa mwisho dakika ya 89, timu yake ikiongoza 1-0, straika amemtoka na kipa ndiye pekee aliyebaki mbele yake. Akimwangusha hatua mbili kabla ya boksi, atatolewa, lakini wenzake watacheza pungufu kwa dakika chache tu, na mpira wa faulo utalazimika kuvuka ukuta. Akisubiri hadi ndani, ataepuka nyekundu endapo ataugombea mpira, lakini atakuwa amempa mpinzani penalti isiyoogopa saa. Mwanzoni mwa mechi beki huyo angemfuata straika na kumwachia kipa kazi. Mwishoni anamkata kabla ya mstari. Hajawa mkatili zaidi ndani ya saa moja na nusu; ameona tu kwamba upande mmoja wa chokaa kosa limekuwa rahisi na upande wa pili limekuwa ghali mno.

Hapa wengi hukimbilia jibu la haraka: adhabu ziwe kali zaidi. Historia ya makipa inaonyesha kwamba ukali peke yake hauzai kitu. Kwa miaka mingi sheria ilimpa kipa sekunde 6 za kukaa na mpira mikononi, na akizidisha, mpinzani apewe faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi. Adhabu hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba marefa waliona aibu kuitoa. Nani angetaka kuamua mechi ya ubingwa kwa sababu ya sekunde mbili? Makipa walikumbatia mpira sekunde 15 hata 20, wakijua bei iliyoandikwa kitabuni hailipwi na mtu. Kuanzia Julai 2025 sheria mpya imeongeza muda hadi sekunde 8 na kupunguza adhabu kuwa kona, huku refa akihesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, mkono juu, kila mtu akiona. Adhabu imekuwa nyepesi, na ndiyo maana imepata uzito: refa anaweza kuitoa bila kuogopa, na kipa anajua kwamba itatolewa. Kosa linazuiwa na adhabu iliyo na uhakika wa kulipwa, ndogo au kubwa.

Kadi ya njano ya kupoteza muda ina kasoro ya aina nyingine. Kipa asiye na kadi yoyote akionyeshwa njano dakika ya 88, amelipa nini? Timu yake haipungui mtu, na sekunde alizokula hazirudi kwa sababu ya kadi. Huko Marekani, katika mpira wao wa miguu unaochezwa kwa mikono, ligi ya NFL ina kanuni inayofaa kuangaliwa: timu yenye mpira ikitenda makosa fulani ya kusimamisha saa ndani ya dakika mbili za mwisho za kipindi, sekunde 10 hufutwa kwenye saa. Aliyetaka kuchezea muda analipa kwa muda. Kwetu, chombo kinachofanana na hicho ni dakika za nyongeza, na nguvu yake ilionekana kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, pale marefa walipoagizwa kuhesabu kwa uaminifu kila kisimamo. Mechi ya Uingereza na Iran ilikuwa na takriban dakika 27 za ziada kwa vipindi vyote viwili, sehemu kubwa kwa sababu ya kuumia kwa kipa Alireza Beiranvand, na Mehdi Taremi akafunga penalti dakika ya 13 baada ya zile 90. Timu inayojua kwamba sekunde zote zitarudishwa haina sababu ya kuziiba. Kulala chini kunabaki kumpumzisha aliyechoka, lakini hakusogezi filimbi karibu.

Shida ni kwamba mhasibu wa muda huo ni binadamu. Wanauchumi Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast, katika utafiti wao wa mwaka 2005 kuhusu ligi ya Hispania, walikuta kwamba marefa waliongeza dakika nyingi zaidi pale mwenyeji alipokuwa nyuma kwa goli moja, na chache zaidi alipokuwa mbele kwa goli moja. Hawakudai kwamba marefa walihongwa. Kelele za watu elfu kadhaa zinatosha kuinamisha mizani. Mfano wa karibu na Katanga ni wa Mzambia Janny Sikazwe. Tarehe 12 Januari 2022 mjini Limbe, Cameroon, Mali ikiongoza Tunisia 1-0 kwenye Kombe la Afrika, alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akarudisha mchezo, kisha akaumaliza tena kabla ya 90 kutimia, ingawa kulikuwa na penalti, kadi nyekundu na ukaguzi wa VAR wa kufidiwa. Baadaye alieleza kwamba joto lilimzidi. Timu ziliitwa zirudi kumalizia, Tunisia haikurudi, na matokeo yakabaki. Hakuna kocha anayeweza kupanga dakika tano za mwisho ambazo hajui kama zipo.

Mtu atasema: hesabu hizi zote ni visingizio, tatizo ni malezi, mchezaji aliyefundwa uungwana hatajiangusha. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi kwa nini timu ileile inayolala chini ikiwa mbele hukimbilia mpira wa kurusha ikiwa nyuma. Wachezaji ni walewale, malezi ni yaleyale, na wakati mwingine mabadiliko hayo hutokea ndani ya mechi moja, dakika tatu baada ya mpinzani kusawazisha. Kilichogeuka ni nani anayefaidika na saa. Ushahidi mwingine ni yule mchezaji anayetolewa. Tangu mwaka 2019 sheria inamtaka atoke kupitia mstari ulio karibu naye, isipokuwa refa amwelekeze vingine. Ile safari ya polepole kutoka kona ya mbali hadi kwenye benchi, iliyolaaniwa miaka na miaka na walimu wa uungwana, ilipunguzwa na sentensi moja ya sheria.

Wengine wanauliza kwa nini basi saa isisimamishwe kila mpira unapotoka, kama kwenye mpira wa kikapu. Wazo hili limefika mbali: mwaka 2017 bodi inayotunga sheria za mpira, IFAB, ilitoa waraka wa majadiliano uliogusia vipindi viwili vya dakika 30 za saa inayosimama. Lakini kikapu chenyewe kinatuonya. Kwa kuwa saa yao husimama, timu iliyo nyuma hucheza rafu makusudi ili kuisimamisha na kumpeleka mpinzani kwenye mitupo huru, na dakika moja ya mwisho inaweza kuwachosha watazamaji kwa robo saa. Saa inayosimama haiondoi ujanja. Inamhamishia ujanja aliye nyuma. Tena inahitaji meza, mtunza saa na kifaa ambacho timu zote mbili zinakiamini. Jambo hilo linawezekana kwenye ukumbi wa futsal, lakini ligi ya mji inayocheza mechi tatu kwa siku kwenye uwanja mmoja itapata mlolongo mpya wa ugomvi. Mpira wa miguu ulienea hadi kwenye kambi za wachimbaji wa Katanga kwa sababu haukudai vyombo vingi, na sheria yake ya muda lazima ifanye kazi kule pia.

Kuna dakika nyingine za mwisho, zile zinazoelekea kwenye mikwaju ya penalti, na hapa Katanga ina historia ya pekee. Mwaka 1967 TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza 1-1, marudiano 2-2. Mikwaju ya penalti ilikuwa bado haijaingia kwenye sheria. Iliingia mwaka 1970. Ikapangwa mechi ya tatu huko Cameroon, Kotoko hawakutokea, na Englebert wakapewa kombe. Wanaosema kwamba matuta ni bahati nasibu wakumbuke kilichokuwepo kabla yake: mwaka 1968 Italia iliutoa Umoja wa Kisovieti kwenye nusu fainali ya Ulaya kwa kurusha sarafu. Matuta yalikuja kuiondoa bahati nasibu. Na yanafundishika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Michael Bar-Eli na wenzake juu ya penalti 286 uliona kwamba karibu mipira 29 katika kila 100 ilipigwa katikati, lakini makipa walibaki katikati mara 6 tu katika kila 100, kana kwamba kuruka upande ni wajibu. Anayelijua hilo ameshapata kitu ambacho sarafu haimpi mtu.

Timu ya taifa ya Kongo imelifanyia kazi somo hili waziwazi. Tarehe 28 Januari 2024 mjini San-Pédro, kwenye Kombe la Afrika, iliitoa Misri kwa mikwaju 8-7 baada ya sare ya 1-1. Kipa wa Misri, Mohamed Abou Gabal, aligonga mwamba, na kipa wa Kongo, Lionel Mpasi, akafunga wa mwisho. Tarehe 16 Novemba 2025 mjini Rabat, dhidi ya Nigeria katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia, kocha Sébastien Desabre alimtoa Mpasi muda wa nyongeza ukielekea ukingoni na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya matuta tu. Kongo ilishinda 4-3, nahodha Chancel Mbemba akipiga wa mwisho. Uamuzi huo ni somo zima la saa. Matuta yakishaanza, kipa habadilishwi isipokuwa ameumia au hawezi kuendelea, kwa hiyo kocha lazima abaki na badiliko moja, na mpira usimame kabla ya filimbi. Akisubiri sana, mpira unaweza usitoke na badiliko likaoza mkononi. Lakini anayeyategemea matuta anawekeza kwenye dakika ambazo hajazifikia. Tarehe 6 Januari 2026, kwenye Kombe la Afrika, Kongo na Algeria zilikuwa 0-0 hadi dakika ya 119, Adil Boulbina akafunga, na matuta hayakuwepo tena.

Na penalti ya mwisho ina uzito unaoweza kuvunja mechi nzima. Kwenye fainali ya kombe hilo, tarehe 18 Januari 2026 mjini Rabat, refa alikuwa Mkongomani, Jean-Jacques Ndala. Matokeo yakiwa 0-0 katika dakika za nyongeza mwishoni mwa kipindi cha pili, goli la Senegal lilikataliwa kwa faulo, kisha muda mfupi baadaye Morocco ikapewa penalti baada ya VAR. Wachezaji wengi wa Senegal waliondoka uwanjani, mechi ikasimama zaidi ya dakika kumi, wakarudi. Brahim Díaz akaupiga mpira kwa kuudokoa katikati, Édouard Mendy akaudaka akiwa amesimama, na mechi ilipoingia muda wa nyongeza baada ya sare, Pape Gueye akaifungia Senegal. Kesi za mezani zilizofuata ni jambo jingine. Kwa hoja yetu, inatosha kuona kwamba tukio lilelile likitokea dakika ya 20 huzaa malalamiko ya sekunde 30. Mwishoni lilizaa wachezaji kutoka uwanjani, kwa sababu hapakuwa na muda uliobaki wa kulirekebisha kosa, kama lilikuwa kosa.

Basi ligi isiyo na VAR wala pesa inaweza kufanya nini? Inaweza kufanya mengi, kwa kuwa kinachozuia wizi wa muda ni uhakika wa malipo, na uhakika unaweza kujengwa bila mashine. Refa anayegusa saa yake kwa kuonekana kila mchezaji anapolala anawaambia wote kwamba sekunde hizo zimeandikwa. Refa anayewatangazia manahodha wote wawili dakika za nyongeza kabla ya 90, kisha akaongeza kila sekunde inayochezewa ndani yake, anaondoa faida ya kulala chini hata bila kadi. Anayeinua mkono na kumhesabia kipa, kisha akatoa kona ya kwanza mapema, dakika ya 15, hatalazimika kuitoa dakika ya 89. Ligi ya mji inayomlinda refa wa aina hiyo pale mwenyeji anapofungwa dakika ya 97 imefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za uungwana. Makocha nao wafundishe dakika hizo kama wanavyofundisha kona: nani anapiga penalti ya mwisho, badiliko gani linawekwa akiba, beki anamkatia wapi mshambuliaji na wapi anamwacha kipa aamue. Yote hayo yanaweza kuanza Jumapili hii Kikula, kwa filimbi moja na saa moja, mradi saa hiyo ihesabu sawa kwa aliye mbele na aliye nyuma.